Chaki ya Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa mtu wa milima. Alikuwa mtu wa cherehani, wa kiti chenye mto uliochakaa, wa chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kwa miaka ishirini na mitatu kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kupanda ni stuli ya kufikia majora ya vitambaa, na hata hiyo stuli aliipanda huku ameng'ang'ania rafu kwa mikono miwili. Sasa mtu wa namna hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, unamkuta chini ya mlima amevaa raba za binti yake zinazombana vidole, amesimama na kijana asiyemtaka. Na wako wawili tu.

Walipaswa kuwa watatu. Binti yake, muuguzi, ndiye aliyeipanga safari yote. "Siku moja tu, mama. Tunapanda, tunashuka, mnazungumza. Ukishamjua utamzoea." Alfajiri ile ile simu ikaita kutoka hospitali: mwenzake anaumwa, aingie zamu. Binti akawatazama mchumba wake na mama yake, akasema, "Nendeni tu. Nikitoka kazini nitawapokea getini." Mama Pindo angeweza kukataa, lakini alijua kukataa kwake kungezua maneno mwezi mzima. Akajikaza kisabuni, akaingia garini.

Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa minara ya simu. Wenzake kazini walimwita Popo kwa jinsi anavyoning'inia huko juu siku nzima. Mama Pindo hakuwa na ugomvi na sura yake wala tabia yake. Alikuwa na adabu, anasalimia vizuri, anaosha chombo alicholia. Ugomvi ulikuwa na kazi. Baba wa binti alikuwa fundi wa mapaa. Aliondoka asubuhi na nyundo yake, mchana akarudishwa amefunikwa turubai, na binti alikuwa na miaka minne. Halafu leo mtoto huyo huyo, kati ya wanaume wote waliojaa mjini, makarani, waokaji mikate, wauza miwani, anakwenda kumchagua anayening'inia!

Miezi miwili nyuma, katika kugombana, Mama Pindo alitamka neno ambalo angelipa chochote alirudishe mdomoni. "Kama ni kuanguka, basi aanguke sasa hivi, kabla hujawa mke wake!"  Binti alitoka na kuufunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulimuumiza mama kuliko kama angeubamiza. Tangu siku hiyo alikuwa na hofu mbili zinazolala naye kitanda kimoja: kwamba kijana ataanguka kweli, na kwamba siku akianguka, binti yake ataamini ni yeye mama aliyemwombea.

"Shikamoo tena, mama," Popo alisema, akimpa fimbo ya kutembelea. "Tutakwenda polepole. Ukichoka, sema."

"Marahaba. Nikichoka nitakaa. Sihitaji ruhusa."

Wakaanza.

Njia yenyewe, we acha tu. Mwanzo ilipita msituni, mizizi imetokeza kila mahali, unainua mguu kama unavuka vizingiti vya nyumba isiyo na mwisho. Baada ya saa moja miti ikaisha, yakabaki mawe. Mawe makubwa, mawe yaliyolegea, mawe yanayoguna ukiyakanyaga. Upande wa kushoto mlima, upande wa kulia hakuna kitu. Mama Pindo alitembea amegeuza uso kushoto kama mtu aliyekosana na hewa.

Penye njia mbili, Popo alichagua bila hata kufikiri. Mama Pindo naye aliinama, akatoa mfukoni chaki yake bapa ya kukatia nguo, akachora mshale juu ya jiwe.

"Unafanya nini, mama?"

"Naweka alama ya kurudia."

"Lakini mimi si nipo?"

"Hata baba yake alikuwepo," alisema, kisha akajuta, kisha akasonya ili asionekane amejuta.

Popo alicheka kidogo, akaendelea kupanda. Alama ya pili, ya tatu, ya nne, zikafika saba. Kila alipochora alijisikia nafuu. Kazini kwake hakukata kitambaa bila kukichora kwanza, na wateja walimsifu kwa hilo. Hakuwaza hata mara moja kwa nini mafundi wa nguo wanatumia chaki wala si rangi.

Kuelekea saa tano wakafika mahali pa mwamba. Njia yote ilikuwa ukingo mmoja uliokatiza ubavuni mwa mlima, upana wake nusu ya meza ya Mama Pindo ya kukatia nguo, urefu hatua thelathini hivi. Chini yake kulikuwa na mteremko wa vichaka na mawe, na chini ya huo mteremko, ukungu.

"Tunafanya kama kazini," Popo alisema. "Una mikono miwili, miguu miwili. Vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee. Daima vitatu. Ukifanya hivyo huanguki hata ukisukumwa."

"Nani atakayenisukuma?"

"Hakuna, mama. Nasema tu."

Popo alitangulia, akavuka kama anakatiza sebule. Mama Pindo akaiegesha fimbo, akafuata. Vitatu vishike, kimoja kitembee. Hatua tano, kumi, kumi na mbili. Halafu kijiwe kikatoka chini ya raba yake, akakisikia kikigonga, kikagonga tena, kikagonga mbali zaidi, na akafanya kosa la kukitazama.

Jamani.  Aliushika mwamba, akabana kifua chake juu yake, na hapo hapo akagoma. Mwili wake uligoma kabisa, kama cherehani iliyonasa uzi. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alisikia mtu analia kwa sauti nyembamba, akashangaa ni nani, kumbe ni yeye.

"Mama, nitazame mimi. Usitazame chini. Nakuja."

Popo alirudi hadi karibu naye. Akanyoosha mkono mmoja, lakini Mama Pindo hakuuona, macho ameyafumba. Basi kijana akanyoosha na wa pili, ili amshike mabega. Ndivyo ilivyokuwa, na usimlaumu. Mtu akimwona mkwe wake anatetemeka ukingoni, hesabu ya vitatu na kimoja humtoka kichwani. Mama Pindo alipoguswa alishtuka, akaikamata ile mikono na kuivuta kwa nguvu zake zote. Popo hakuwa ameshika kitu kingine.

Hakupiga kelele. Alisema tu "ah," kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akachomoka mikononi mwake. Vichaka vikavunjika, mawe yakaporomoka, na kimya kikatanda.

Mama Pindo hajui aliutokaje ule ukingo. Anachokumbuka ni midomo yake ikirudia vitatu, vitatu, vitatu, na magoti yake yakichubuka kwa kurudi kinyumenyume. Alipofika penye njia akaichukua fimbo, akazunguka kwa chini, akipenya vichakani na kuita. Hakumwita Popo. Aliita, "Mwenzangu! Mwenzangu!" kwa sababu kwa hofu ile jina lilimpotea.

Alimkuta ameegemea jiwe, urefu wa watu watatu chini ya ukingo. Hai. Uso umechanika, na mguu wa kushoto umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi.

"Nisamehe, mama," kijana akasema.

Eti yeye ndiye anayeomba msamaha! Mama Pindo alitamani kumpiga kofi. Badala yake akavua mtandio, akauchana vipande vilivyonyooka bila hata mkasi, akaivunja fimbo mara mbili na kuufunga mguu kama alivyowahi kumsikia binti yake akieleza. Popo alipiga yowe mara moja, kisha akaumauma mkono wa koti lake. Simu yake ilikuwa imepasuka vipande vipande. Ya Mama Pindo ilikuwa nzima, ila haina mtandao hata kidogo.

"Huku haushiki," Popo alisema, akijaribu kutabasamu. "Mnara uko upande wa pili. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga. Sikiliza mama, ukishuka kuna bega la mlima, pale kwenye lile jiwe lililo kama..."

"Nyamaza, usijichoshe. Nitashuka mpaka getini nilete watu. Alama zangu zipo."

"Lakini mama, ungenisikiliza kidogo..."

"Nina chaki zangu, bwana! Tulia hapo."

Akamwachia chupa ya maji na koti lake mwenyewe, akaondoka karibu saa sita.

Alama ya saba aliikuta, na ya sita pia, japo imefifia. Hapo ukungu ukapanda kutoka bondeni, taratibu kwanza, kisha kwa fujo, na manyunyu ndani yake. Alipofika penye njia mbili za alama ya tano, akainama juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa limelowa na safi kama sahani iliyooshwa. Akalipapasa. Akapapasa la pembeni yake, na la pembeni yake. Hakuna kitu.

Ndipo akaelewa. Chaki ya fundi imetengenezwa ifutike. Ndiyo kazi yake: unachora, unashona, unapitisha kitambaa kibichi, nguo inabaki haina doa. Miaka ishirini na mitatu ameishika chaki ile kila siku, halafu leo ametundika uhai wa mtu juu yake.

Alichagua njia ya kulia. Au alidhani ni ya kulia. Akatembea, akaita, ukungu ukaimeza sauti yake. Kila jiwe lilifanana na jenzake. Na humo ukunguni, akiwa hana mbele wala nyuma, likamjia wazo. Mguu ule, lilisema, hautapanda minara tena. Akajisikia nafuu. Halafu wazo likaendelea, kwa upole, kama mteja anayeomba kupunguziwa bei: na kama ukichelewa? Hakuna atakayejua. Umepotea kweli. Mtu aliyepotea ana kosa gani? Binti atalia mwaka mmoja, atapona, ataolewa na karani.

Mama Pindo alisimama katikati ya mawe. Kuliogopa bonde alikuwa ameshakuzoea kidogo, lakini hofu hii ilikuwa nyingine. Aliuogopa moyo wake mwenyewe, kwamba ulikuwa na chumba kama hicho ndani na yeye miaka yote anaishi humo bila kujua. "Ewe Mungu wangu," alisema kwa sauti, "nitoe hapa." Akageuka na kuanza kukimbia, alikokuwa akikimbilia hakukujua.

Alianguka mara mbili. Mara ya tatu alipoinuka akasikia mtu anakohoa.

"Umefika haraka, mama," sauti ya Popo ikasema, imelegea. "Wako wapi hao watu?"

Alikuwa amezunguka. Saa mbili nzima amezunguka mlima kama kuku aliyekatwa kichwa, na sasa yuko pale pale. Akatazama uso wa kijana, umekuwa wa kijivu, meno yanagongana, akakaa chini.

"Hakuna watu. Chaki imefutika. Nimepotea."

Popo akajiinua kwa kiwiko. "Basi sasa utanisikiliza?"

"Nakusikiliza, baba."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Wote wawili walijifanya hawakusikia.

"Chini hapo kuna bega la mlima, pametandaa kidogo, pana jiwe limesimama peke yake. Pale mnara unaonekana, na mnara ukiuona, nao unakuona. Mtandao utashika. Kwa mwenye miguu mizima ni dakika arobaini. Nenda, nitakuelekeza, mimi nitangoja."

"Sikuachi tena."

"Mama, utafika mapema ukiwa..."

"Nimesema sikuachi!" Alipiga kelele mpaka mlima ukajibu. Hakuweza kumweleza kwamba hauogopi ukungu tena, kwamba anachokiogopa ni kutembea peke yake na yule mteja mpole aliyemo kichwani mwake. "Mimi nina miguu, wewe una njia. Tulipotengana ndipo tulipokosea. Haya, kaa juu ya koti."

Ndivyo walivyoshuka. Popo amekaa chini juu ya koti, anajisukuma kwa mikono, na Mama Pindo mbele yake, anatembea kinyumenyume, ameushikilia ule mguu uliofungwa kama anayebeba mtoto mchanga. Kwenye mawe makubwa alimpa mgongo, akambeba hatua nne, tano, kisha wote wakabwagika chini. Kushoto, mama. Sasa mchanga mwekundu, pita juu yake. Hapana, si huo. Kila dakika chache sauti ya Popo ilipungua nguvu, na kila ilipopungua Mama Pindo alisikia turubai la mumewe likifunuliwa.

"Zungumza! Usilale."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Shingo yako ni inchi ngapi?"

"Sijui."

"Kumi na sita na nusu. Nilikupima kwa macho siku ya kwanza ulipokuja. Bega moja limeshuka kuliko jenzake. Endelea, sukuma."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Wakaenda. Halafu kwa kuwa ukungu ulikuwa umewafunika na hakuwa na kitu kingine cha kumpa, Mama Pindo akamwambia. "Niliomba uanguke. Nilimwambia binti yangu hivyo hivyo, kwa mdomo huu."

"Najua. Aliniambia, analia."

"Na bado ukaja na mimi huku?"

"Nilitaka uone ninavyoshika," Popo akasema. Akajisukuma, akapumzika. "Na mimi nikaenda kuachia. Aibu gani hii."

Mama Pindo alijifuta uso kwa kiwiko na kuvuta. 

Saa kumi hivi ukungu ukachanika, wakaliona jiwe limesimama peke yake, na mbali kabisa, mwembamba kama sindano, mnara. Simu ikatetemeka mkononi mwake, mtandao umeshika, akampigia binti. Aliposikia "Haloo, mama?" akasahau maneno yote aliyoyapanga. "Ameanguka," alisema. "Yuko hai. Mguu. Tuko kwenye bega, penye jiwe. Njooni na machela." Akasikia binti anavuta pumzi. Kisha simu ikaishiwa chaji.

Wakangoja. Popo aliacha kutetemeka, na hilo lilimtisha Mama Pindo kuliko kutetemeka kwenyewe. Alimkumbatia kama alivyomkumbatia binti akiwa na surua, akamsugua mikono, akamtukana, akamwimbia, akampima upya shingo, kifua, urefu wa mkono, inchi baada ya inchi, na kumlazimisha arudie kila namba. Mwisho namba hazikurudi tena. Akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga, mdogo, wa mbali. Hakuliondoa sikio mpaka askari wa hifadhi walipotokea na machela, wakalazimika kumbandua.

Walifika getini jua likizama. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafunguliwa milango. Binti alikuja mbio na sare yake ya kazi, akampita mama yake, akashika shingo ya kijana, akafunua macho yake, akaita jina lake. Hakuitika. Mwenzake mmoja alikwishaanza kutayarisha dripu.

Ndipo akageuka. Alimtazama mama yake, nywele wazi, magoti yanavuja damu, mikono imechubuka.

"Mama. Umemfanya nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na kila aliyekuwa pale alisikia. Siku nzima Mama Pindo alikuwa akilikimbia swali hilo, na siku nzima lilikuwa likimngoja hapo getini. Angeweza kusema kijiwe kiliteleza. Angeweza kusema ukungu. Yote yangekuwa kweli. Alimtazama mtoto wake machoni.

"Nilimvuta kwa woga, akaanguka," alisema. "Halafu nilimwacha kule juu. Nilimwacha saa mbili, na kuna dakika nilitaka nisirudi. Nikarudi. Nikamshusha."

 Askari mmoja alitazama viatu vyake. Machela ikasukumwa ndani, magurudumu yakagonga sakafu ya gari, na mtu akauliza kwa haraka nani anapanda, nafasi ni mbili tu.

Muuguzi alipanda kwanza. Akafunga dripu, akaangalia saa yake, akahesabu mapigo. Kisha bila kugeuza uso akanyoosha mkono nje ya mlango, mkono mmoja, akaukaza.

"Panda, mama," alisema. "Kaa hapo kichwani kwake. Mwite, usiache kumwita mpaka aitike."

Mama Pindo akaushika, akapanda.